Je, Yampasa Mtu Asiyeumwa Kwenda Kupimwa?

Baba mmoja wa Kindu, mvushaji mwenye umri wa miaka 52, hakuingiza mtumbwi wake katika mto Lualaba asubuhi yoyote pasipo kwanza kuuinamisha na kuutazama chini. Abiria wakimwambia, «Baba, mtumbwi hauvuji,» yeye hujibu, «Mwanangu, ufa hutafutwa ukingoni, si katikati ya mto.» Lakini mwuguzi alipomshauri apimwe choo, kwa kuwa kaka yake alikufa kwa saratani ya utumbo mpana, alikataa akisema: «Siumwi popote. Mwenye kutafuta ugonjwa humjaribu Mungu.»

Je, neno lake ni la haki? Yafaa kulifikiri, maana wengi husema kama yeye.

Kwanza na ujulikane ugonjwa wenyewe. Mara nyingi saratani hii huanza kama kinundu kidogo katika ukuta wa utumbo mpana. Kinundu hicho hakiumi. Hukua polepole, pengine miaka kumi au zaidi, kabla hakijageuka kuwa saratani. Lakini huweza kutoa damu chache mno isiyoonekana kwa macho, nayo hugunduliwa kwa kupima choo. Damu ikionekana, daktari hutazama ndani ya utumbo kwa mpira mwembamba wenye taa, na kinundu chaweza kukatwa papo hapo. Ndiyo sababu katika nchi nyingi watu wazima hupimwa tangu miaka 45 au 50, wangali na nguvu zao. Na mwenye mzazi au ndugu aliyeugua huanza mapema zaidi.

Wengine husema ya kwamba ugonjwa huu si wa Waafrika. Kweli, Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 hata 1966, aliona kuwa ulikuwa haba kwa watu wa vijijini, akafikiri ni kwa sababu ya vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi. Basi sombe, maharage na matunda visidharauliwe. Lakini kilicho haba si kwamba hakipo. Mwaka 2022 watu zaidi ya 1,900,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na 900,000 hivi walikufa kwayo. Tumbako, pombe na nyama za kopo huongeza hatari yake, navyo havikosi katika masoko ya miji.

Sasa, je, mwenye kupimwa humjaribu Mungu? Sivyo. Kumjaribu Mungu ni kujitia hatarini kwa makusudi, kisha kungoja mwujiza. Anayekataa msaada ulio karibu ndiye aliye karibu na kosa hilo. Amri ya tano haikatazi kuua tu, bali yaagiza pia kuutunza uhai, kwa maana uhai ni amana wala si mali ya mtu. Na uhai wa baba si wake peke yake: watoto hula kwa mikono yake.

Walakini wajibu huo una mpaka. Papa Pio XII, akisema na madaktari mwezi wa Novemba 1957, alifundisha ya kuwa kwa kawaida mtu hafungwi ila kutumia njia za kawaida, zisizomlemea kupita kiasi yeye wala wengine. Mpira ule wenye taa hauko katika vituo vya afya vya vijijini. Asiyeweza kuufikia hana dhambi, wala hapaswi kuuza shamba la watoto wake.

Lakini kusema ukweli hakuuzi shamba la mtu. Aliyefiwa na ndugu kwa saratani hiyo amwambie mwuguzi, aulize kipimo cha choo hupatikana wapi. Aonaye damu chooni, au choo kimebadilika kwa majuma mengi, au mwili unakonda pasipo sababu, asinyamaze kwa aibu. Wala asikate tamaa, maana minyoo, amiba na bawasiri pia hutoa damu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi mvushaji yule alikuwa na jibu lake tangu zamani. Aliwaambia abiria kila asubuhi. Ilimbaki kujiambia mwenyewe.