Mizani Isiyoonekana

Mtu apimwapo kwa mizani asiyoiona, na mawe ya mizani hiyo yakabadilishwa usiku, je, amedhulumiwa? Zamani swali hili lilikuwa la sokoni. Siku hizi limehamia katika mitambo ya utafutaji, ambayo huzipanga tovuti za dunia kwa daraja, na za chini huwekwa mahali ambapo jicho la msomaji halifiki.

Mfano uchukuliwe wa mtu wa Nakwa, katika mji wa Babati, ambaye kazi yake ni kuwapeleka wageni kwa mtumbwi kutazama viboko wa Ziwa Babati. Hana duka katika barabara kuu ya Arusha na Dodoma. Duka lake ni tovuti. Mgeni aliye Ujerumani akiandika jina la ziwa, na tovuti hiyo ikatokea ya kwanza, mtumbwi hupata abiria. Algorithimu, yaani kanuni ambazo mtambo hufuata katika kupima, ikibadilishwa, tovuti ile ile, yenye maneno yale yale, huweza kuangukia ukurasa wa tatu. Ziwa halikukauka, viboko hawakuhama, wala mwenye mtumbwi hakusema uongo. Kilichobadilika ni mizani.

Watetezi wa siri wana hoja, na si hoja dhaifu. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilianza kwa kuhesabu viungo: tovuti iliyotajwa na nyingine nyingi, hasa zenye heshima, ilipewa cheo. Kanuni ilipojulikana, viungo vikawa bidhaa, na walionunua sifa wakawapita walioistahili. Badiliko la Aprili 2012, lililoitwa Penguin, lilikuja kuwashusha wanunuzi hao. Mlinzi atangazaye mahali zilipo funguo hulinda nini? Tena nafasi ya kwanza ni moja, na kila apandaye humshusha mwingine. Hakuna azaliwaye na haki juu yake.

Hoja hiyo ni kweli, walakini haitoshi. Humjibu mlaghai, haimjibu mwaminifu. Mwaka 2019 kampuni yenyewe ilieleza ya kwamba ukurasa ulioshuka baada ya badiliko kubwa huenda hauna kosa lolote. Ikatoa mfano wa orodha ya filamu 100 bora iliyotungwa mwaka 2015: ikitungwa upya mwaka 2019, baadhi hazina budi kutoka. Mfano ni mzuri kwa filamu, ambazo hazina watoto wa kusomesha.

Tanzania ilipotoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu kulipa zaidi ya shilingi milioni 2, wengi walinung'unika, na walikuwa na sababu. Lakini kanuni hizo zilichapishwa, na wapingaji waliijua njia ya kwenda Mahakama Kuu, Mtwara. Aliyeonewa na sheria ana karatasi ya kushika mkononi. Aliyeshushwa na algorithimu ana nini?

Mume na mke wa Uingereza walifungua mwaka 2006 tovuti ya kulinganisha bei, Foundem. Muda mfupi baadaye ikazama katika majibu ya Google. Walilalamika kwa Tume ya Ulaya mwaka 2009. Mwaka 2017 Tume iliitoza kampuni faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma yake yenyewe ya ununuzi na kuzishusha za wengine, na rufaa ya mwisho ilishindwa Septemba 2024. Foundem ilikuwa imefungwa tangu 2016. Haki ilifika, mwenye nyumba amekwisha kuondoka.

Apimaye karibu peke yake katika soko amekwisha kuwa kadhi, apende asipende, na kadhi hudaiwa sababu ya hukumu na siku ya kusikiliza lalamiko. Ajabu ni kwamba Google yajua kufanya hivyo. Tovuti ikikutwa na hila na kuadhibiwa kwa mkono wa mtu, mwenyewe hupelekewa taarifa, akaonyeshwa kosa, akaruhusiwa kuomba afikiriwe upya. Mlaghai ana mlango wa kubisha hodi. Mtu wa Nakwa, kwa kuwa hakukosa, hana.