Mkimbiaji na Mkimbizi: Fikira juu ya Mbio Ndefu katika Vilima vya Gisenyi

Katika lugha yetu kitenzi kimoja chaweza kubeba mizigo miwili isiyofanana. Kitenzi "kukimbia" ni kimojawapo. Tukiambiwa kwamba fulani amekimbia, bado hatujui kama amekwenda mbio kwa furaha au ametoroka kwa hofu, mpaka tuelezwe alikuwa akielekea wapi na nyuma yake aliacha nini. Kutokana na kitenzi hicho twapata majina mawili ya watu. La kwanza ni mkimbiaji, lililoundwa kwa kiambishi tamati -ji, kama vile msomaji na mchezaji. La pili ni mkimbizi, lililoundwa kwa njia ile ile inayotupa mlezi kutokana na kulea, na mtembezi kutokana na kutembea. Kazi ya sarufi yaishia hapo. Swali la maadili ndipo linapoanza: watu hawa wawili waliotoka katika shina moja wana uhusiano gani, na je, mmoja anadaiwa lolote na mwenziwe?

Tumeuchagua mji wa Gisenyi, ulioko kaskazini-magharibi ya Rwanda, uwe uwanja wa mazungumzo yetu, kwa kuwa maana zote mbili za kitenzi hiki zimepita katika barabara zake. Gisenyi ni mji wa Wilaya ya Rubavu. Uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kimo cha mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zake za mwisho upande wa magharibi zatazamana na nyumba za kwanza za Goma, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa ajili ya ujirani huo, Kiswahili kilisemwa katika soko la Gisenyi miaka mingi kabla ya Bunge la Rwanda kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Kwa mtu apendaye mbio ndefu, nchi hii yapendeza na yatisha kwa wakati mmoja. Ufukoni mwa ziwa pana ukanda wa tambarare wenye miti ya kivuli na mchanga, lakini ukanda huo ni mfupi. Ashikaye njia ya ziwa kwenda Rubona na Nyamyumba hana budi kupanda na kushuka pamoja na vilima vilivyoingia majini. Ashikaye barabara ya Kigali huanza kupanda mara atokapo mjini, akielekea Rugerero na mashamba ya chai ya Pfunda, huku ziwa likibaki chini nyuma yake, na upande wa kaskazini, siku isiyo na mawingu, akiuona mlima wa volkano wa Nyiragongo wenye kimo cha mita 3,470. Waendeshao baiskeli katika mashindano ya kuizunguka Rwanda wanaijua vema barabara hiyo, na njia ya miguu iitwayo Congo Nile Trail, yenye urefu wa kilomita 227, huanzia Rubavu na kufuata ziwa hadi Rusizi.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, urefu uliotumika London mwaka 1908 na kuwekwa rasmi mwaka 1921. Katika nchi ya vilima urefu huo hauhesabiki kwa kilomita peke yake. Kupanda humaliza pumzi, hasa za mgeni aliyetoka pwani, kwa sababu hewa ya kimo hicho ni nyembamba. Kushuka nako, ambako mtazamaji hudhani kuwa ni mapumziko, huumiza zaidi. Katika mteremko misuli ya mapaja hulazimika kuuzuia uzito wa mwili huku yenyewe ikivutwa na kurefushwa, nayo hupata majeraha madogo madogo yasiyoonekana, hata kesho yake mtu akashindwa kushuka ngazi ya nyumbani kwake. Wahenga hawakusoma elimu ya misuli, lakini walinena: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Basi katika barabara hizo hizo mkimbiaji hukutana na mchukuzi. Kwa miaka mingi kituo cha mpaka kiitwacho Petite Barrière kimekuwa miongoni mwa vituo vya Afrika vinavyovukwa na watu wengi kwa miguu. Wamepita hapo wanawake wenye nyanya, vitunguu na unga vichwani, na watu wenye ulemavu wakisukuma baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni bidhaa. Kabla ya kufika mpakani wengine wao wamekwisha kushuka vilima tangu alfajiri, na jioni watavipanda tena. Hakuna awapigiaye makofi, wala hakuna awasubiriye na maji ya kunywa njiani.

Hapa mtu mwenye busara aweza kutupinga kwa haki. Aweza kusema: "Mbona mnamsifu anayejitafutia jasho mahali ambapo wengine hutokwa na jasho bila ya kulitafuta? Mwenye kulipa ada ili aumie kilimani anamdhihaki yule ambaye angelipa ili asiumie." Neno hili ni zito, na kulijibu kwamba michezo ni afya hakutoshi. Mchukuzi naye ana mapafu na misuli imara, lakini hatusemi kwamba anakwenda mpakani kwa ajili ya afya.

Tena kilima si jambo zito kuliko yote yaliyopita katika barabara za Gisenyi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, palikuwa na watu waliokimbia wakakuta kila njia ina kizuizi na kila kizuizi kina panga. Hao walikuwa wakimbizi wasio na kimbilio. Mwezi Julai mwaka ule ule, mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa muda wa siku chache tu. Miongoni mwao walikuwamo watoto na wazee wasio na hatia. Walikuwamo pia wauaji waliokuwa wakiikimbia haki. Kisha mambo yaligeuka. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulilipuka, lava ikaingia katikati ya Goma, na watu kwa maelfu mengi wakavuka upande wa Gisenyi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, na watu wakaja kwa miguu katika giza, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Siku zilizofuata matetemeko ya ardhi yakapasua nyumba na barabara za Gisenyi penyewe. Mji uliokuwa mlango wa kutokea ukawa mlango wa kuingilia.

Historia hii yatufundisha jambo moja mapema, nalo ni kwamba kukimbia kwenyewe hakuna wema wala ubaya. Aliyekimbia panga na aliyekimbia haki walikanyaga lami moja. Hata mbio za marathoni zimetokana na kisa cha vita, kisa cha mjumbe wa Kigiriki anayesemekana kukimbia hadi Athens kupeleka habari za ushindi. Kwa hiyo hatuwezi kuipima thamani ya mbio kwa kasi, wala kwa urefu, wala kwa uchungu wa miguu. Kama uchungu ungekuwa ndio kipimo, nishani zote zingekwenda kwa wakimbizi.

Kipimo ni nini, basi? Kwa maoni yetu, tofauti ya mkimbiaji na mkimbizi iko katika jambo dogo ambalo mara nyingi halitajwi: mkimbiaji anaweza kusimama. Kila afikapo mguu wa kilima, yuko huru kuketi kando ya njia na kurudi nyumbani, na hakuna baya litakalompata. Mkimbizi hana ruhusa hiyo, na mchukuzi anayo kwa gharama ya chakula cha watoto wake. Kwa kuwa mkimbiaji aweza kusimama, kila hatua yake ni hiari mpya, na hapo ndipo penye sifa yake. Tunapomsifu, tunaisifu hiari iliyoshika ahadi bila ya kushurutishwa.

Mfano ulio karibu na nyoyo zetu ni John Stephen Akhwari wa Tanzania. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 alikimbia marathoni katika jiji la Mexico, lililo juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Alianguka, goti likaumia, akafungwa bendeji na kuendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa nzima iliyopita, giza likiingia na watazamaji wengi wakiwa wameondoka, ndipo Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea. Alikuwa wa 57, yaani wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba nchi yake haikumpeleka mbali vile ili aanze mbio tu, ilimpeleka azimalize. Kama angeketi chini hakuna ambaye angemlaumu, na ndiyo maana bado tunamkumbuka.

Lakini tusije tukaligeuza jambo hili kuwa ibada ya ukaidi. Siku ile ya Mexico walianza watu 75, na 18 hawakumaliza. Hao hawakuwa waoga. Vivyo hivyo, tarehe 28 Septemba 2025, Kigali ilipopokea mashindano ya dunia ya baiskeli, ambayo hayakuwa yamewahi kufanyika Afrika, zaidi ya wanaume 160 walianza safari ya kilomita zipatazo 267 za vilima, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Hiari ya kuendelea haina maana pasipokuwa na hiari ya kuacha. Mkimbiaji anayesimama kwa kuwa moyo wake unapiga vibaya, au ili amwinue mwenzake aliyeanguka, ameitumia hiari yake vizuri. Anayemdharau hajaelewa mbio ni nini.

Sasa tunaweza kumrudia mpinzani wetu. Hatukubali kwamba mkimbiaji anamdhihaki mchukuzi au mkimbizi kwa kule kukimbia tu. Barabara ambayo mtu aweza kukimbia asubuhi bila ya kufukuzwa ni tunda la amani. Mashindano ya marathoni yanayofanyika Kigali tangu mwaka 2005 yamepewa jina la amani, na twaona jina hilo linafaa. Kuwakataza watu furaha ya mbio kwa sababu wengine waliwahi kukimbia kwa hofu kungekuwa ni kuipa hofu ushindi wa pili. Lakini twakubaliana naye kwamba uhuru huo una deni, na deni hilo lina sehemu tatu.

Kwanza ni deni la ulimi. Mkimbiaji asiyaite maumivu yake mateso. Ana haki ya kusema kwamba kilima kilikuwa kirefu na miguu ilimuuma, lakini maneno kama "jehanamu" na "kufa kupona" ayaache kwa wale yaliyowapata kweli. Sisi tulio walimu wa lugha twajua kwamba neno litumiwalo ovyo huchakaa, na siku litakapohitajika halitakuwa na nguvu.

Pili ni deni la macho. Ampitaye mchukuzi barabarani amwone, ampishe, amsalimu kwa heshima, wala asimfanye sehemu ya mandhari ya kupendeza pamoja na ziwa na migomba. Waandaaji wa mbio nao, wanapoifunga barabara kwa saa kadhaa, wakumbuke kwamba barabara hiyo ni kazi ya mtu mwingine na chakula chake cha siku hiyo.

Tatu ni deni la mlango. Kutokana na kukimbia lugha yetu haikutupa mkimbiaji na mkimbizi peke yao. Imetupa pia kimbilio. Mji unaojivunia kuwapokea wakimbiaji kwa maji na vifijo hauna budi kuwa tayari kuwapokea kwa maji na blanketi wale ambao mlima au vita vitawaleta usiku. Watu wa Gisenyi wamebishiwa hodi ya namna hiyo mara kadhaa, na kuna waliofungua milango yao. Wahenga walisema, kutangulia si kufika. Aliyetangulia kupata amani hajafika, maadamu jirani yake angali akikimbia kwa hofu.

Twapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba wanapofundisha uundaji wa majina kutokana na vitenzi, wayaandike majina haya matatu ubaoni kwa pamoja: mkimbiaji, mkimbizi, kimbilio. Wanafunzi waulizwe kwanza juu ya viambishi, kama ilivyo desturi. Kisha waulizwe ni nani kati ya hao awezaye kusimama apendapo, na wajibu wake ni upi kwa asiyeweza. Mwanafunzi atakayelijibu vema swali hilo la pili atakuwa ameifahamu lugha kwa kina kuliko yule atakayetaja viambishi tu, hata kama mtihani hautamuuliza.