Yakini, Shaka na Amana

Malori yaendayo Rusumo yanapopumzika Lusahunga, wilayani Biharamulo, kabla ya kushika njia ya Ngara, dereva mzoefu hulizunguka gari lake akigusa habu za magurudumu kwa kiganja, kwa kuwa beringi inayokaribia kufa hutangulia kutoa joto. Na ndani ya kitendo hicho kidogo imo mas-ala kubwa, nayo ni hii: je, mtu hulazimika kutenda kwa yakini peke yake, au shaka nayo ina hukumu yake?

Mafakihi wametuwekea kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: aliyetawadha, kisha akashuku kama udhu wake umetenguka, na aswali, maana asili ya jambo ni kubaki lilivyokuwa. Kanuni hiyo ni rehema, kwani humwokoa mja na wasiwasi usiokoma. Lakini yamfaa pia aliyekabidhiwa roho za wenziwe?

Tarehe 25 Machi 2009 mafundi wa helikopta moja huko Scotland waliiona chembe ya chuma juu ya sumaku iliyotiwa ndani ya giaboksi makusudi ili inase kinachomeguka. Wakashauriana na watengenezaji, wasifahamiane barabara, na ile sehemu iliyokuwa ikiharibika haikufunguliwa. Chombo kilikuwa kizima jana, na chembe moja haikutosha kukihukumu kuwa kibovu leo. Tarehe 1 Aprili mapanga yake yaling'oka juu ya Bahari ya Kaskazini, wakafa watu 16.

Kisha, tarehe 29 Aprili 2016, karibu na Turøy nchini Norway, helikopta ya ukoo ule ule ilianguka ikaua watu 13, na safari hii pasipo onyo, kwa sababu ufa ulikuwa umezama ndani ya chuma cha giya bila kutema chembe za kutosha kunaswa. Fundi wa helikopta hii hakupewa shaka ya kuipuuza, hivyo udhuru wake ni mpana zaidi. Hata hivyo, wasimamizi wa helikopta hizo waliiondoa aina moja ya giya na kuufupisha muda wa kutumika kwa nyingine, wakakubali kukitoa kifaa kazini kabla hakijalalamika.

Watu wa Ngara wanaijua thamani ya shaka iliyoachwa. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alipeleka habari New York juu ya silaha zilizofichwa na mpango wa kuwaua Watutsi, akajibiwa asizikamate. Mauaji yakatokea kweli, na mwishoni mwa Aprili mwaka huo, katika muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kuwa robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na mto Kagera ukipitisha maiti.

Nasema, basi, kwamba kanuni ya mafakihi ni ya mtu na ibada yake, ambamo akikosea Mola wake ni Mwenye kusamehe. Ama katika amana ya watu, shaka yenye dalili yatosha kusimamisha kazi. Atakayesema kwamba kusimama kuna gharama amesema kweli, na mitambo mitatu ya umeme ya Rusumo, yenye megawati 80 za nchi tatu, ikizimwa bure usiku mmoja ni hasara. Lakini hasara hiyo hulipika, na mwenye kuamua kuipima asiwe yule peke yake anayefaidika mtambo ukiendelea kuzunguka.