TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 20: Kosa la Upande Wetu



Ndugu zangu wa Mkula na popote mlipo, Allah azikubali funga zetu.

Siku hizi tukikaa kungoja adhana ya Magharibi, mazungumzo yanaangukia vitani: Gaza, Sudan, Kongo ya mashariki. Bomu limeangukia nyumba ya watu, watoto wamekufa. Mmoja anasema, "Vita ni vita." Mwingine, "Walikosea tu." Wa tatu anauliza kwanza aliyepiga ni upande gani, ndipo ajue kama alaani au anyamaze. Leo tuzungumze na huyo wa tatu, maana yumo ndani ya kila mmoja wetu.

Makka ilifunguliwa katika Ramadhani kama hii, mwaka wa 8 Hijria. Baada ya ushindi ule Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid kwa Banu Jadhima awalinganie Uislamu. Watu wale walitaka kusema wamesilimu, lakini hawakujua kulitamka vizuri, wakasema tu kwamba wameacha dini yao ya zamani. Khalid hakuridhika. Wakauawa watu, wengine wakatekwa. Ilipotoka amri kila askari amuue mateka wake, Abdullah bin Umar alikataa.

Habari ikamfikia Mtume. Jemadari yule alikuwa wake, na waliouawa walikuwa maadui jana tu. Visingizio vilikuwepo, kama angevitaka. Bukhari amepokea kwamba aliinua mikono, akamwambia Mola wake mara mbili kuwa yeye yuko mbali na alichokifanya Khalid. Na wanachuoni wa sira wanasimulia kwamba hakuishia kwenye dua. Alimtuma Ali bin Abi Talib na mali, akalipa dia za waliouawa na thamani ya vilivyoharibika, hadi chombo cha kunyweshea mbwa. Zilipobaki fedha, Ali akawaachia, kwa ajili ya hasara ambazo huenda hazikujulikana.

Tazama jamani: kosa lilisemwa wazi, waliodhulumiwa wakafuatwa kwao, na deni likalipwa. Khalid naye hakutupwa, aliendelea kuongoza majeshi. Kwa hiyo anayesema kwamba ukikiri kosa la askari wako umelisaliti jeshi lako, huyo hajaisoma sira.

Na usiseme hayo ni ya zamani za Uarabuni. Mwaka 1976 yalitokea hapa hapa kwetu. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado. Sisi Mkula tulihesabiwa Mwanza, na ndugu zetu wa Bariadi walikuwa Shinyanga. Wazee walikuwa wanauawa kwa tuhuma za uchawi, vyombo vya usalama vikaanza operesheni ya kuwasaka wauaji. Nia ilikuwa kulinda roho za watu. Lakini watu walikamatwa, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliopaswa kuwalinda.

Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Allah amrehemu. Yeye hakumpiga mtu. Lakini waliopiga walikuwa chini yake, na Januari 1977 akajiuzulu. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Hakudharaulika kwa hilo. Mwaka 1985 akawa Rais wa nchi, na alipofariki Februari 2024 watu walikuwa bado wanakutaja kujiuzulu kule.

Hata hivyo tusiishie kwenye sifa ya waziri. Kujiuzulu hakumrudishii mjane mume wake. Ndiyo maana Qur'ani, Suratun-Nisaa aya ya 92, inapozungumzia aliyeua kwa bahati mbaya, inamtaka aache huru mtumwa muumini na dia ifikishwe kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wenyewe wasamehe. Asiyeweza kupata wa kumwacha huru, afunge miezi miwili mfululizo. Hebu fikiria: sisi tuko siku ya 20 na tumeshachoka. Miezi miwili, kwa roho moja, tena bila kukusudia! Mtu akisema "ilikuwa bahati mbaya", kwa Allah deni ndiyo kwanza linaanza.

Mimi na wewe hatuna jeshi. Lakini tuna sungusungu, na tuna yowe la usiku. Kijana anapigwa, asubuhi inajulikana mwizi hakuwa yeye. Nani anakwenda kwa mama yake? Viongozi wanasema ni vijana. Vijana wanasema ni wananchi wenye hasira kali. Kila mtu alikuwa nyuma, hakuna aliyekuwa mbele. Huyo mama naye anafuturu peke yake.

Kazi ya leo: kama kuna mtu alidhulumiwa na upande wako, iwe ukoo, kitongoji au kundi lako, nenda kwake kabla ya Idi. Hata kama mkono haukuwa wako. Sema waziwazi kwamba tulikosea, kisha uliza mnadaiwa nini. Na wakibishana tena kuhusu vita, mlilie mtoto kwanza, upande utauliza baadaye.

Ewe Mola wetu, tupe ujasiri wa kusema haki hata dhidi ya nafsi zetu, uwarehemu waliouawa bila hatia, na utuepushe na damu ya mtu. Aamin.

Mfikishie na mwenzako. Ramadhani Karim.