Nani Alipe Karo ya Majaribio Yangu?

Ijumaa moja usiku nilivunja duka la shangazi yangu bila kugusa kufuli. Ana duka la jumla kule Kayole, na mimi ndiye fundi wa kompyuta wa familia. Kompyuta yake ilikuwa inafanya kazi poa tu. Lakini niliona kuna programu mpya mpya, vidole vikaniwasha, nikasasisha kila kitu. Asubuhi printa ya risiti ikagoma. Ni Jumamosi, wateja wamepiga foleni, shangazi anaandika risiti kwa mkono huku akiniuliza kwa simu, "Kwani ilikuwa imeharibika?"

Sikuwa na jibu. Miezi kadhaa baadaye nililikuta nikisoma jinsi watu wa Debian wanavyofanya kazi.

Debian ni mfumo wa kompyuta ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ni programu huria, na wanaoutengeneza ni watu wa kujitolea kutoka pande zote za dunia. Kitu kipya huingia kwanza katika ngazi inayoitwa sid. Matoleo yao hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story, na Sid ni yule mtoto wa jirani anayeharibu wanasesere. Yaani umeonywa mlangoni. Kitu hicho kikikaa siku kadhaa bila kuleta balaa, hupanda ngazi ya majaribio. Kisha, takriban kila miaka miwili, wasimamizi wa matoleo hufunga mlango hatua kwa hatua: hakuna kuongeza kipya, ni kurekebisha tu. Programu yenye kasoro kubwa isiporekebishwa inaweza kutupwa nje. Toleo thabiti litatoka lini? Likiwa tayari.

Likishatoka, haliguswi tena kwa sababu ya urembo. Tundu la usalama likipatikana, kwa kawaida hawakuletei programu mpya. Huchukua kiraka kidogo na kukishona kwenye ile ya zamani. Umekesha miezi sita ukiunda kitu kizuri? Hongera, subiri toleo lijalo.

Zamani ningeuita huu uoga. Na gharama ipo kweli. Kati ya Julai 2002 na Juni 2005 hawakutoa toleo thabiti jipya hata moja. Katikati ya ngoja-ngoja hiyo, mwaka 2004, Ubuntu ikazaliwa kwa msingi wa Debian hiyohiyo, ikiahidi toleo kila miezi sita. Anayekunyima kitu kizuri kwa sababu bado anakipima, naye anakukosesha kitu.

Tena kungoja si kinga. Mwaka 2006 badiliko moja la Debian katika OpenSSL lilifanya funguo za siri ziwe rahisi kukisia. Kosa hilo lilipita milango yote, likaingia toleo thabiti la 2007, na kugunduliwa Mei 2008.

Lakini manze, fikiria Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta zake za sid kwa mbali kunachelewa karibu nusu sekunde. Alipochimba, akakuta mlango wa siri uliopandwa makusudi ndani ya programu ya xz. Ulikuwa umeshaingia sid na kufika ngazi ya majaribio. Toleo thabiti haukulifikia. Subira yenyewe haikuuona mlango huo. Ilimpa tu mtu mmoja muda wa kuuona kabla haujafika kwa watu kama shangazi.

Ndiyo maana sioni tena kuwa ugomvi ni kati ya kipya na cha zamani. Swali ni nani abebe hatari ya mimi kujifunza. Aliyeweka sid amechagua kuumia kidogo ili sisi wengine tupone. Shangazi hakuchagua kitu. Alifungua duka tu. Kinyozi anayejifunza anahitaji vichwa, sawa, lakini si aulize kwanza? Mimi sikuuliza. Nilichukua Jumamosi yake nikalipia udadisi wangu, halafu nikauita msaada.

Siku hizi kipya kinaniuma mimi kwanza, kwenye laptopu yangu kuukuu. Mwezi uliopita shangazi alilalamika ati kompyuta yake ina sura ileile tangu mwaka juzi. Nikamwambia ni kweli, toleo jipya lipo, na akikubali tunaweza kuhamia Jumapili, duka likiwa limefungwa.

"Jumapili niko kanisani," akasema. "Ngoja sikukuu."

Nangoja.