Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 18: Ukifika pa kusema "Siwezi kulipa"



Leo tuzungumzie mzigo ambao wengi tunaubeba kifuani na hatuusemi hata nyumbani: deni la kadi lililoshinda mshahara.

Unajua linavyokuja. Kadi ya mkopo ilianza na karo ya mtoto, ikafuata hospitali, ikafuata friji. Tuseme sasa unadaiwa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 3.5 kila mwezi. Benki inakwambia lipa kiwango cha chini, 10,000. Unalipa, unapumua. Kumbe 7,000 katika hizo ni riba tupu, deni lenyewe limepungua 3,000 tu. Mwezi ukibana, unachukua mkopo wa simu ulipe kadi, kisha unatumia kadi ulipe mkopo wa simu. Ikilia namba usiyoijua, moyo unaruka.

Hapo linakuja swali zito, pengine usiku baada ya tarawehe: je, Muislamu anaweza kusimama mbele ya watu akasema, "Nimefilisika, siwezi kulipa"? Au huko ni kukimbia amana?

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Ni kweli, na dini yetu haichezi na deni. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya Swala. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mwenye deni huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja. Tazama vizuri: alichokitaja ni ulimi. "Natuma kesho," na unajua kesho huna. Mkopo mpya unaouchukua kulipia wa zamani ni ahadi ambayo moyo wako umeshajua haitatimia. Kwa hiyo anayeendelea kukopa ili aonekane analipa yuko mbali zaidi na amana kuliko anayesema ukweli.

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba mtu mmoja alinunua matunda, yakaingia hasara, deni likamzidi. Mtume aliwaambia watu wampe sadaka. Wakatoa, haikutosha. Ndipo akawaambia wanaomdai wachukue kilichopatikana, hawana zaidi ya hicho. Mtu yule hakuitwa mwizi. Hali yake iliwekwa wazi, jamaa wakamchangia, wenye haki wakachukua kilichokuwepo.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 nayo ina mlango. Aliyeelemewa anaweza kuiomba Mahakama Kuu mwenyewe imtangaze muflisi. Kuna pia mpango wa kulipa kidogo kidogo chini ya usimamizi, na njia nyepesi kwa asiye na mali ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000. Si mlango wa raha: unaeleza kila ulichonacho, na jina lako linajulikana. Usiingie bila kuongea na wakili.

Lakini sharti lake ni ukweli. Ukiandikisha gari kwa jina la shemeji kisha ukaapa huna kitu, huo ni wizi wa karatasi. Na hata mahakama ikikuondolea madai, kile ulichokopa bado kiko shingoni mwako mbele ya Allah. Akikufungulia riziki, kirudishe. Kuhusu riba iliyojilimbikiza, muulize sheikh wako.

Mtume aliwauliza maswahaba, muflisi ni nani? Wakajibu, asiye na dirham wala mali. Akawaeleza kwamba muflisi wa umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na Swala, funga na zaka, huku amemtukana huyu na kula mali ya yule, wema wake wote ugawiwe aliowadhulumu. Ufilisi wa mahakamani una mwisho. Huo wa Akhera ndio wa kuogopa, na tumefunga siku kumi na nane sasa tusiwe watu wake.

Na wewe unayedai, neno lako ni hili: Suratul Baqara aya ya 280 inakutaka umsubiri mwenye dhiki mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi kwako. Sisi sote tukumbuke kwamba wenye madeni ni katika makundi manane ya zaka. Tunapotoa mwezi huu, tusiwasahau kwa kuwa tu wamevaa kanzu safi.

Ndugu yangu uliyeelemewa, leo kabla ya futari chukua karatasi. Andika kila deni, la nani na kiasi gani. Mwonyeshe mkeo, au mumeo. Weka kadi kando, usiiguse tena. Kisha piga simu benki kabla hawajakupigia, uwaambie uwezo wako halisi na uombe upangiwe upya malipo. Imamu na kamati nao waambie, siri yako ni amana kwao. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Allah atutoshe kwa halali yake, awafungulie waliofungwa na madeni, na alainishe nyoyo za wanaowadai. Aamin.

Mtumie mwenzako, huenda anaihitaji usiku huu.