Wazee Waliolia Siku ya Msingi

Somo: Ezra 3:10–13



Jumapili ya tarehe 18 Mei 2025 tulichelewa kutoka kanisani kwa sababu ya mnada. Jogoo mmoja alipandishwa bei mpaka shilingi 60,000, na aliyemnunua akamrudisha mezani auzwe tena. Nilipotoka nilipitia kwenye kibanda umiza cha nyuma ya soko kumtafuta mpiga kinanda wetu, maana nilikuwa na hakika yuko huko. Alikuwepo. Nilikuta pia mechi ambayo siku nyingine isingejaza hata benchi moja: Everton na Southampton. Southampton walikuwa wameshashuka daraja, na Everton hawakuwa na cha kupata wala cha kupoteza. Ila ilikuwa mechi ya mwisho ya timu ya wanaume ya Everton kwenye uwanja wa Goodison Park, waliouchezea tangu 1892.

Benchi la mbele alikaa fundi baiskeli wa pale sokoni. Mtaa wetu una mashabiki wa Arsenal wengi kuliko mbu, na yeye peke yake ndiye wa Everton. Ushabiki wake una asili. Julai 2017 Everton walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya pale Uwanja wa Taifa, na fundi na mdogo wake wakakata tiketi. Walimwona Wayne Rooney, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kwenye klabu ya utoto wake, akifumua shuti la mbali likajaa wavuni. Everton walishinda 2-1, na ndugu hao wawili wakarudi nyumbani wameshanaswa.

Iliman Ndiaye, kijana wa Senegal, alifunga mabao mawili na mechi ikaisha 2-0. Kisha wachezaji wa zamani wakaanza kuingia uwanjani mmoja mmoja, na kamera ikazunguka majukwaani kuonyesha watu wazima wakilia bila kuficha uso. Fundi naye akavuta kitambaa chake cha grisi akajifuta. Vijana wakaangua kicheko. "Mzee, unalilia nyumba ya Wazungu?" Hakuwajibu. Tulipotoka nje ndipo aliponiambia, kama mtu anayetoa udhuru: "Mchungaji, na marehemu mdogo wangu tuliapiana kwamba siku moja tutafika pale. Sasa hata nikijaaliwa kwenda, nafika wapi?"

Swali hilo nimelibeba miezi mitatu.

Nimesoma habari za uwanja ule zaidi ya inavyompasa mtu mwenye mahubiri ya kuandaa. Klabu ya Everton ilizaliwa kanisani. Mwaka 1878 vijana wa usharika wa Kimethodisti wa St Domingo, mjini Liverpool, waliokuwa wakicheza kriketi majira ya joto, walianzisha timu ya mpira wapate mchezo wa kipupwe. Mwaka uliofuata jina likabadilishwa kuwa Everton, kwa kuwa wasio washarika nao walitaka kucheza. Kuanzia 1884 walikuwa Anfield. Ndiyo, Anfield ile ile; ubingwa wao wa kwanza wa ligi, wa 1891, waliutwaa wakiwa hapo. Ukazuka ugomvi wa kodi na masharti kati ya klabu na John Houlding, mwenye uwanja, na upande uliotaka kuhama uliongozwa na George Mahon, mpiga kinanda wa kanisa. (Wapiga kinanda na mpira, nimeacha kushangaa.) Wakavuka bustani ya Stanley, wakajenga Goodison. Houlding, aliyebaki na uwanja mtupu, akaunda timu nyingine akaiita Liverpool. Watani wa jadi wale walitoka kwenye mgawanyiko wa nyumba moja, jambo ambalo sharika nyingi zinalifahamu vizuri.

Na huko Goodison, kwenye kona kati ya majukwaa mawili, limechomoza kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Luka. Lipo karibu mno na uwanja hata zamani watu walikuwa wakipanda juu yake kutazama mechi bure. Ukiangalia picha za pale unaweza kudhani kanisa nalo lina tiketi ya msimu.

Kuhusu kuhama, mashabiki wenyewe hawakuwa na neno moja. Wapo waliosema imechelewa. Goodison ulikuwa na nguzo zinazokukinga usione lango, viti vya mbao, njia za kupita watu wanne kwa kusukumana, na hauchukui hata watu 40,000. Nyumba za watu zimeubana pande zote, hakuna pa kuutanua. Uwanja mpya, uliojengwa kwenye gati la Bramley-Moore kando ya mto Mersey, unachukua zaidi ya 52,000, na klabu ilikuwa imeshindwa kuhama mara mbili kabla ya hapo: mpango wa King's Dock ulikufa 2003 kwa kukosa fedha, na ule wa Kirkby, ambao mashabiki waliupigia kura wakagawanyika, serikali iliukataa 2009. Watu hawa hawakukosa mapenzi. Walichoka kuona timu yao ikiachwa nyuma.

Wapo wengine ambao kiti chao alikikalia babu, kisha baba. Wanajua ni ngazi ipi babu alianza kushindwa kuipanda. Wanajua kwamba Dixie Dean, aliyefunga mabao 60 ya ligi msimu wa 1927–28, alikata roho humo humo uwanjani mwaka 1980 akitazama mechi ya watani. Wanajua kwamba mwaka 1966, katika Kombe la Dunia, Eusébio, mzaliwa wa jirani zetu Msumbiji, alifunga mabao manne hapo Ureno walipotoka nyuma 3-0 wakaishinda Korea Kaskazini 5-3. Na wengi, nadhani wengi kuliko wote, walikuwa kwenye makundi yote mawili kwa pamoja. Walipiga hesabu wakakubali kuhama, kisha siku ilipofika miguu ikakataa kutoka nje.

Hapo ndipo Ezra aliponikamata.

Mnaikumbuka habari yenyewe. Watu wamerudi kutoka uhamishoni Babeli. Hekalu la Sulemani lilibomolewa karibu miaka hamsini nyuma. Sasa msingi wa hekalu jipya umewekwa, makuhani wamevaa mavazi yao, tarumbeta na matoazi yapo, watu wanapaza sauti kwa furaha. Lakini makuhani na Walawi wengi na wakuu wa koo, wale wazee walioiona nyumba ya kwanza kwa macho yao, wanalia kwa sauti kuu. Na mwandishi anatuambia kwamba mtu hakuweza kupambanua sauti ya shangwe na sauti ya kilio; kelele zilisikika mbali zikiwa kitu kimoja.

Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi, na kila mara niliwafanya wale wazee kuwa mfano mbaya. Niliwaita watu wa jana. Safari hii niliisoma taratibu nikitafuta mahali wanapokemewa. Hamna. Hakuna Mlawi aliyetumwa kuwanyamazisha, wala Zerubabeli, kiongozi wao, hakusimamisha sherehe awape somo la kutazama mbele. Wazee hao hawakupinga ujenzi. Walitembea kutoka Babeli mpaka Yerusalemu kwa ajili yake, na uzee wao. Walikuja kujenga, na machozi yao wakaja nayo.

Miaka mingi baadaye, kazi ikiwa imezorota, nabii Hagai naye anawauliza watu: nani kati yenu aliyebaki ambaye aliiona nyumba hii katika utukufu wake wa kwanza, na sasa mnaionaje? Anakiri mbele yao kwamba mpya inaonekana si kitu. Ndipo anawaambia wajipe moyo wafanye kazi. Mimi na kamati yangu tulianza na kufanya kazi, na hayo mengine hatukuyafikia kamwe.

Niseme wazi. Tulipobomoa kanisa letu la zamani kupisha hili la sasa, kila mtu alijua lilikuwa dogo. Watoto wa Shule ya Jumapili walifundishwa chini ya mwembe, na mvua ikinyesha wanarudishwa nyumbani. Baraza la wazee lilipiga kura na hakuna aliyepinga. Bibi mmoja, mjane, alikuwa wa kwanza kumaliza ahadi yake ya mifuko ya saruji, kabla ya wenye mishahara. Siku ya kung'oa bati alikuja akakaa kwenye kivuli akalia mpaka mchana. Alibatizwa mle, akafunga ndoa mle, na jeneza la mumewe lilisimama mle. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya mke wa Lutu. Sikumtaja kwa jina. Haikuhitajika, kila mtu alijua, na yeye alijua kuliko wote.

Lile halikuwa kosa la kusoma vibaya. Mke wa Lutu aligeuka kuitazama Sodoma. Bibi yule aligeuka kuitazama nyumba ya Mungu.

Kuna jambo la Goodison ambalo sijui nilifanyie nini ila kuwasimulia. Kwa miaka mingi familia za mashabiki ziliruhusiwa kuzika majivu ya wapendwa wao pembezoni mwa uwanja, mpaka mwaka 2004 klabu iliposimamisha kwa sababu nafasi ilikwisha. Wapo mamia. Wana wa Israeli walipotoka Misri, Musa aliichukua mifupa ya Yusufu, kwa kuwa Yusufu aliwaapisha. Mifupa hubebeka. Majivu yaliyokwisha changanyika na udongo hayabebeki. Kwenye gati walibeba walichoweza: mchoro wa vyuma vilivyopishana uliokuwa alama ya majukwaa ya Goodison umerudiwa kwenye matofali ya ukuta mpya, na nje mashabiki wamechongewa majina kwenye mawe ya kukanyagia. Ila wafu wamebaki. Na klabu, iliyokuwa imepanga kuubomoa uwanja wa zamani, Mei 2025 ikatangaza kwamba timu ya wanawake ndiyo itakayoutumia. Basi wale walio chini ya nyasi wataendelea kusikia mpira ukipigwa. Najua kiteolojia sentensi hiyo haisimami. Niacheni nayo.

Jumapili ya tarehe 24 Agosti 2025 nilirudi kwenye kibanda, safari hii bila kumsingizia mpiga kinanda. Everton walikuwa wanacheza mechi yao ya kwanza ya ligi kwenye uwanja mpya, dhidi ya Brighton. Tarehe hiyo hiyo, 24 Agosti, mwaka 1892, ndiyo Goodison ulipofunguliwa, kwa riadha na fataki. Bao la kwanza akafunga yule yule Ndiaye aliyefunga la mwisho la wanaume kule. James Garner akaongeza la pili, na Jordan Pickford akaokoa penalti. Fundi alishangilia mpaka benchi likapoteza mguu mmoja. Wakati wa mapumziko kijana mmoja, mmoja wa wale waliocheka mwezi Mei, alimuuliza kama sasa amesahau ule wa zamani. Akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama amemsahau mdogo wake.

Tangazo. Jumapili hii, baada ya ibada ya kwanza, tutasimama kitambo pale ilipokuwa madhabahu ya kanisa la zamani, ambapo siku hizi tunaegesha magari. Wenye magari na bodaboda mnaombwa kuegesha nje ya uzio. Hakutakuwa na mahubiri. Atakayependa kusema jambo alilolikumbuka atasema, na atakayependa kukaa kimya atakaa. Nilikwenda Jumanne kumwomba bibi radhi, miaka saba ikiwa imepita. Alinikaribisha chai, akaniacha nimalize maneno yangu yote, kisha akauliza kama atakuta kiti au aje na mkeka wake. Nikamwambia kiti kitakuwepo. Amesema atakuja na mkeka.